Kinyago Ambacho Blanche Hakukililia

Pale Merritts Arm, kijiji kilichojibanza kwenye ghuba moja ya Newfoundland, ukitaja sikukuu za Krismasi hutamaliza sentensi ya tatu kabla mtu hajakutajia jina la Melvina Pelley. Miaka thelathini na moja mfululizo Melvina alitoka na vinyago, akaingia nyumba za watu amejifunika gubigubi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemtambua. Si majirani, si mchungaji, si dada zake. Mumewe mwenyewe, Selby, mwaka mmoja alicheza naye dansi nzima jikoni kwa watu, akamnong'oneza kwamba ana kiuno chepesi, kisha akamuuliza anaishi upande gani wa ghuba. Neno hilo Selby analijutia mpaka leo.

Mchezo wenyewe wa vinyago hauna maajabu. Kuanzia siku ya pili ya Krismasi mpaka tarehe sita Januari, giza likishaingia, na huko giza la Desemba huingia saa kumi na moja jioni, watu wazima na akili zao timamu huvaa nguo zisizo zao, huficha nyuso kwa kipande cha pazia la lesi au foronya, na kwenda kugonga milango ya jirani. Mwenye nyumba huwaingiza, huwakagua toka kofia hadi kisigino, kisha hutaja majina. Neno lake ndilo linalohesabika. Wageni wengine wakibahatisha ni porojo tu. Akikutaja, unafunua uso na unapewa kinywaji na kipande cha keki nyeusi ya matunda. Asipokutaja, unacheza, unaondoka kama ulivyokuja, na yeye anabaki kujikuna kichwa.

Wengi huponzwa na mambo madogo. Mmoja huponzwa na kicheko, mwingine na namna ya kuvuta kiti. Melvina alifundishwa na marehemu mama yake, Blanche, ambaye hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya mzaha. Gambuti la kulia lilivaliwa mguu wa kushoto, ili mwendo ubadilike. Mto ulifungwa mgongoni, kwa sababu tumboni kila mtu huweka. Glavu za sufu zilikuwa mbili mbili, maana mikono inasema kuliko mdomo. Na sauti: vinyago husema kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, na maneno yakitoka hivyo hayana mwenyewe. Watu wengi husema maneno matatu wakaanza kukohoa. Melvina anaweza kukupa taarifa nzima ya hali ya hewa, pamoja na upepo, kwa pumzi ya kuingia tu.

Basi huyo ndiye Melvina. Ana miaka sitini na moja, na ishirini na minne kati ya hiyo kaimaliza amesimama mezani katika kiwanda cha kaa, ndani ya aproni ya mpira, maji baridi yakimtiririkia viwiko. Hajawahi kuandikwa gazetini. Lakini kila mtu ana jambo moja analoliweza kuliko wenzake, na aliyelijua lake hana sababu ya kumwonea mtu kijicho. Melvina alilijua lake, na akitembea barabarani mwezi Januari utaona shingo yake tu ujue.

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka aliopata mjukuu. Binti yake wa pekee, Krista, alikuwa amekwenda Alberta na mumewe kufuata kazi za mafuta, kama walivyokwenda nusu ya vijana wa pale, na mwezi wa Februari akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Blanche. Melvina aliposikia jina aliiweka simu mezani, akatoka nje akasimama kwenye theluji bila koti, mpaka Selby alipokwenda kumrudisha ndani.

Kwenda kumwona hakuweza. Msimu wa kaa ulikuwa unakaribia, nyonga ya Selby ilikuwa haijapona upasuaji, na nauli ya ndege ya kutoka mwisho mmoja wa nchi mpaka mwingine si ya kuchezea. Kwa hiyo mjukuu aliishi ndani ya simu. Kila jioni baada ya chakula Melvina aliuleta uso wake mpaka ukajaa kioo kizima, akaita "Blaaanche", akaimba, akapunga. Mtoto alipofikisha miezi sita alianza kucheka. Alipofikisha minane alianza kuilamba simu. Meza nzima ya kaa ilionyeshwa. Waliokwisha ona walionyeshwa tena.

"Ananijua," Melvina aliwaambia wa kiwandani na majirani. "Akiniona tu, anachangamka."

"Anaijua simu," alisema Freda Skinner, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa miaka sabini na mitatu ambaye kijiji kizima kinamwita shangazi, wa damu na wasio wa damu. "Watoto wa siku hizi hata ukiwaonyesha rimoti wanacheka."

Freda ndiye aliyekuwa akijaribu kumtambua Melvina kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo Melvina alilisamehe neno lile kama maneno ya mtu aliyeshindwa.

Tarehe ishirini Desemba Melvina na Selby waliendesha gari saa mbili na nusu kwenye theluji mpaka uwanja wa ndege wa Gander, kumpokea Krista aliyekuja na mtoto kwa Krismasi. Melvina alivaa sweta jekundu, lilelile la kwenye simu, ili mtoto asipate taabu ya kumtafuta. Mlango ukafunguka, Krista akatoka na begi mgongoni na mtoto kifuani, peke yao, kwa kuwa zamu ya mumewe haikumruhusu kusafiri. Melvina akawakimbilia na mikono wazi, akiita "Blaaanche". Mtoto alimtazama. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Kisha akaangua kilio kilichomfanya hata mlinzi wa upande wa mizigo aje kuangalia kuna nini.

"Anafanya ugeni tu, mama," Krista alisema, akimgeuza mtoto upande. "Wa umri wake wote wako hivyo. Mpe muda."

Kufanya ugeni ni neno la kwao, na ni neno lenye huruma, maana halisemi mtoto ana kosa na wala halisemi bibi ana kosa. Lakini mwanamke aliyejipiga kifua miezi kumi mbele ya meza nzima ya kaa haponi kwa neno lenye huruma. Njia nzima ya kurudi alikaa kiti cha mbele akitazama theluji, kwa kuwa kila alipogeuka kilio kilianza upya.

"Labda ni hilo sweta," alisema Selby.

"Endesha gari," alisema Melvina.

Sweta lilivuliwa, haikusaidia. Miwani ikavuliwa, nywele zikabanwa, sabuni ikabadilishwa baada ya Freda kusema watoto humtambua mtu kwa pua. Melvina alimwendea kwa wimbo, akamwendea kwa biskuti, akamwendea kwa magoti. Kila mara mdomo ule wa chini ulitetemeka. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Selby, asiyefanya lolote, aliketi tu karibu na jiko la kuni na nyonga yake mbovu, na siku ya pili Blanche akatambaa mwenyewe, akashika suruali yake, akajivuta juu na kulala kwenye tumbo lake.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Selby alisema, mtoto akikoroma juu yake. "Huyu siku ya pili tu kashanigeuza kitanda."

"Usinisemeshe, Selby."

"Bibie, huyo ni mtoto wa miezi kumi. Kinyago umekichonga mwenyewe, halafu kinakutisha?"

Na kweli kilimtisha. Melvina aliyeingia nyumba za watu miaka yote hiyo bila kutetemeka alianza kupita kwenye ukumbi wa nyumba yake kwa kunyata, ili asimlize mjukuu. Alitaka jambo moja tu kabla ya ndege ya kuwarudisha Alberta tarehe tatu Januari: mtoto aje mikononi mwake kwa hiari yake, mara moja, hata kama ni dakika. Angekuwa na kitu cha kushika mpaka Krismasi nyingine, kama ingekuwepo, maana waliokwenda Alberta wote husema watarudi, na si wote hurudi.

Krista alikuwa amekuja na begi zima la nguo za sikukuu. Tarehe ishirini na mbili, Baba Krismasi alipopita kijijini juu ya gari la zimamoto, Blanche alivalishwa kama paa wa kumvutia kigari chake, na pembe mbili za kitambaa kichwani. King'ora kililia, watoto wakubwa wakaziba masikio, na Blanche akapiga makofi. Walipomkabidhi kwa Baba Krismasi, ambaye kila mtu alijua ni Hayward wa posta, alimshika ndevu za pamba kwa mikono miwili akazivuta kwa furaha.

"Kwa bibi yake analia," Selby alisema, "kwa Hayward wa posta anacheka."

Hilo Melvina alilimeza, kwa sababu alikuwa akiusubiri mkesha wa Krismasi. Katika kanisa la pale kijijini, mtoto anayeona Krismasi yake ya kwanza hubebwa na bibi yake mpaka mbele, akashikishwa unyasi mmoja na kuuweka horini. Melvina mwenyewe aliuweka, akibebwa na nyanya yake; Krista aliuweka, akibebwa na marehemu Blanche. Kwa ajili ya siku hiyo Melvina alifuma gauni jeupe la sufu na kofia yake, tangu Mei mpaka Septemba, katika mapumziko ya chai kiwandani. Alikuwa akilihifadhi ndani ya mifuko mitatu ya plastiki lisije likashika harufu ya kaa. Mtoto alipovalishwa, hata Freda alinyamaza kidogo.

Mchungaji akatoa ishara. Melvina akanyoosha mikono, akamtwaa mjukuu kutoka kwa mama yake, akapiga hatua mbili. Blanche akalia hadi kinanda kikanyamaza. Melvina alipiga hatua ya tatu, kwa ukaidi, na ya nne, mtoto akijipinda kama samaki, na hapo Freda akainuka kutoka kwenye benchi, akampokea, akampigapiga mgongoni, na kilio kikakatika. Freda ndiye aliyekwenda mbele. Freda, ambaye hana mjukuu, ndiye aliyemshikisha Blanche unyasi, na watu wakatabasamu kwa kuwa mtoto alipendeza mno. Freda alikuwa akisaidia tu, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana mtu aliyekusaidia huwezi hata kumchukia kwa raha.

Melvina alirudi benchini. Aliimba nyimbo zote zilizobaki, beti zote, akitazama mbele.

Krismasi yenyewe ikapita. Blanche alitafuna karatasi za zawadi na kuziacha zawadi zenyewe, akaonja ngozi ya bata mzinga, akalala chini ya mti. Siku ya pili vinyago wakaanza kupita barabarani, na mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja Melvina hakutoka.

"Kichwa kinaniuma," alisema.

Tarehe ishirini na tisa Freda aliwaita majirani kwa chai. Krista akaenda na mtoto, Selby akafuata na fimbo yake, na Melvina akabaki na kichwa chake ambacho hakikuwa kikiuma. Aliketi jikoni. Ng'ambo ya barabara akodiani ilikuwa ikipigwa, na katikati ya muziki alisikia, au alidhani amesikia, mtoto akicheka. Hapo hasira ikampanda. Ndiyo iliyomvalisha, si kitu kingine.

"Kama mtoto hautaki uso wangu," aliliambia jiko la kuni, "basi uso wangu na ubaki nyumbani."

Alilivaa koti la mvua la marehemu baba yake Selby, lililotundikwa bandani tangu enzi za uvuvi wa chewa, akafunga mto mgongoni, akabadilisha gambuti, akavaa glavu juu ya glavu. Pazia la lesi likashuka usoni, kofia ya wavuvi ikalishikilia. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Barabarani vinyago watatu walikuwa wakielekea kwa Freda, naye akajiunga nao bila kuulizwa, maana kinyago haulizi kinyago mwenzake ni nani.

Mmoja akagonga kwa fimbo. "Vinyago wanaruhusiwa ndani?" aliuliza, kwa ile sauti ya pumzi ya kuingia.

"Ingieni," alijibu Freda, "mradi mfute viatu."

Jikoni kulikuwa kumejaa watu. Selby alikuwa kwenye benchi karibu na dirisha, Krista amesimama kando ya birika, na Blanche, aliyevalishwa kama keki ya sikukuu, na jani la kitambaa juu ya kofia, alikuwa mapajani mwa Freda. Melvina nusura ageuke arudi.

"Watamtisha," alisema Krista, akisogea.

Lakini mtoto hakutishika. Aliwatazama wale wanne mdomo wazi, kama mtu aliyefikishiwa habari nzuri. Freda naye hakuchelewa kuanza kazi.

"Huyu ni Boyd. Hizo buti niliziona dukani nikamkataza asizinunue."

Boyd akafunua uso, akacheka, akaketi.

"Na hawa wawili ni mtu na mkewe. Nimewasikia wakigombana kwenye ngazi kabla hamjagonga."

Mtu na mkewe wakafunua nyuso wakiendelea kugombana. Akabaki wa nne. Akodiani ikapigwa, na wa nne akacheza peke yake, kile kibyongo cha mto kikipanda na kushuka, miguu ikielekea kila mmoja kwake, na Freda akimzunguka na kumkagua.

"Wewe sikujui," alisema Freda taratibu, "na nina hamu ya kukujua."

Hapo Blanche akateleza kutoka mapajani. Akatambaa sakafuni moja kwa moja, akapita miguu ya watu wote, mpaka kwenye yale magambuti yaliyovaliwa kinyume. Akashika upindo wa koti, akajivuta, akasimama. Melvina aliacha kucheza. Hakujua afanye nini na mikono yake. Basi akafanya analolijua. Akavuta pumzi, na kwa pumzi ileile ya kuingia akauliza:

"Wewe nani mwenzangu?"

Macho ya mtoto yalitanuka. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha kwenye simu, akainua mikono yote miwili juu. Melvina akainama, akambeba. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiria. Mara zote nyingine alikuwa amembeba mtoto anayejipinda, na mtoto anayejipinda huwezi kuujua uzito wake.

"Hayward wa posta," alisema Freda.

Kinyago akatikisa kichwa.

"Mke wa Hayward. Basi mchungaji. Mchungaji, kama ni wewe, nisamehe kwa niliyosema juu ya mahubiri."

Watu wakacheka. Kinyago akatikisa kichwa.

"Ni Melvina," alisema Boyd, mdomo umejaa keki.

"Melvina?" Freda alimgeukia. "Tumia akili, Boyd. Mtoto yuko mikononi mwake na hajalia. Avae pazia, avae ngozi ya dubu, huyo hawezi kuwa Melvina."

Jiko zima likacheka, na halikucheka kwa ubaya. Krista peke yake alisema, "Shangazi Freda, basi." Selby hakucheka. Alikuwa akilitazama lile koti, ambalo kola yake aliishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, na safari hii alijua kunyamaza.

Ndani ya pazia, Melvina alisimama na ushindi wa thelathini na mbili mikononi, mzuri kuliko yote yaliyotangulia. Mwenye nyumba alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba si yeye. Alichobakiwa nacho ni kucheza mzunguko mmoja, amrudishe mtoto, atoke. Blanche alikuwa akipapasa lesi kwa vidole vyake vinene na kuizungumzia kwa lugha yake. Lesi ndiyo iliyopendwa. Akiondoka sasa, kitakachokuwa kimependwa badala yake ni kipande cha pazia, na ndege ya tarehe tatu itambeba mtoto aliyemchekea mtu asiyemjua. Na akifunua, mbele ya kijiji kizima, mbele ya Freda, atalia tena.

Aliogopa. Niseme kweli, aliogopa kuliko siku zote alizoishi. Kisha akaishika lesi, akaifunua, akaitupa juu ya kofia.

Blanche aliutazama ule uso, mwekundu, wenye jasho, nywele zimeganda kwenye paji. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Melvina hakumwita, hakuimba, hakusogeza uso karibu. Alisimama tu. Mtoto akautazama uso, akatazama juu ilikokwenda lesi, akautazama uso tena. Akanyoosha mkono, akaishika lesi, akaivuta chini.

Akangoja. Melvina akaifunua. Blanche akaivuta tena. Mara ya tatu alianza kucheka kabla lesi haijainuka. Mara ya nne alikataa kusaidiwa: aliifunua mwenyewe, kwa mikono miwili, akamkuta bibi yake nyuma ya lesi, akamtazama kwa muda mrefu bila kucheka. Kisha akalaza shavu begani, kwenye koti linalonuka chewa na mafuta ya mashine, akatulia.

Freda aliketi.

"Miaka thelathini na moja nakutafuta," alisema, "leo umejileta mwenyewe."

"Hukunipata," alisema Melvina, kwa sauti ndogo ili asimshtue mtoto. "Hilo liweke sawa, Freda. Hukunipata."

"Sasa umejifunulia nini?"

"Alitaka kujua nani amembeba."

Freda akageukia keki, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye kisu, jambo ambalo halishauriwi. Kipande alichokata kilikuwa robo nzima. "Haya," alisema, "mcheza kwao hutunzwa." Na Melvina akakila chote kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na kazi.

Msifikiri mambo yalinyooka papo hapo. Kesho yake asubuhi Blanche alimtazama kwa mashaka, na lesi ikabidi iletwe kwanza. Mchana ikaletwa mara moja tu. Jioni haikuhitajika.

Tarehe mbili Januari, siku moja kabla ya ndege, Melvina aliketi sakafuni na mkasi, akakata kipande cha pazia lilelile. Soksi ya Selby ikawa kofia. Bonge la sufu likafungwa kwenye mgongo mdogo likawa kibyongo. Viatu vikabadilishwa, cha kulia kushoto. Glavu za Melvina zikawa soksi, mbili mbili. Blanche alivumilia yote hayo kwa uso wa mtu anayejua ni mambo ya kazi.

"Mama," alisema Krista, "mkitoka hivyo kila mtu atawajua."

"Ndiyo," alisema Melvina.

Walitoka saa kumi, mwanga ungali upo, jambo ambalo kinyago mwenye heshima zake hafanyi. Walikwenda nyumba nane. Kwenye kila nyumba mlango ulipofunguka Blanche alijifunua mwenyewe kabla ya salamu, akapiga kelele, akamfunua na bibi yake. Kwa Boyd walitajwa wangali kwenye ngazi. Kwa mwenzake mmoja wa Melvina wa meza ya kaa walitajwa kupitia dirishani.

"Kumbe kweli anakujua," alisema mwanamke huyo, akimtazama mtoto aliyemng'ang'ania Melvina shingoni.

"Sisemi kitu," alisema Melvina, kisha akasema kwa nusu saa.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Freda. Giza lilikuwa limeingia, na Blanche alikuwa amechoka, lesi yake imeshuka usoni, kimya. Melvina akagonga. Freda alichungulia kwenye kioo cha mlango, akawaona, akajitia hajawaona.

"Nani huyo mwenye vichwa viwili?" aliuliza toka ndani. "Simjui. Ajitaje."

Kinyago hajitaji, hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na mama yake. Melvina alivuta pumzi kama alivyoivuta miaka yote. Halafu akaiachia itoke.

"Bibi yake Blanche," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, na kwa nguvu ya kusikika ng'ambo ya ghuba.